Gramu Mia na Hamsini

Alikuja saa tano, viatu vyeupe kwa vumbi la Kiloleni,
akasema, "Fundi, nataka virungu viwili."
Nikamwuliza analinda duka la nani.
Hakucheka.
Akakunjua karatasi ya daftari:
kichwa kama ndimu, shingo nyembamba,
tumbo linalonenepa taratibu kama chupa ya asali.
Urefu, sentimita arobaini na tano.
Uzito (hapo alipiga mstari mara mbili)
gramu mia na hamsini.

Mimi hukereza miguu ya vitanda vya maharusi,
vinu, michi, vigoda.
Mtu akija kwangu huomba kitu kizito,
kitu ambacho wajukuu watakigombania.
Sikuwahi kuombwa kitu cha kurushwa.

"Sarakasi?"
"Siyo sarakasi. Jimnastiki."
Akaeleza, kwa subira ya mtu aliyekwisha kueleza sana.
Kamba anayo, ilikuwa ya kisimani.
Pete ni bomba la maji, Mwalimu Mgalula kalikunja kwa moto.
Mpira umeazimwa, urudi Ijumaa.
Utepe wa mita sita kaushona shangazi yake
kwa vipande vya satini vya harusi tatu,
na ukizunguka, Fundi, mshono hauonekani.
Vimebaki virungu.

Jozi ya kwanza niliitoa kwenye mninga, kwa mazoea.
Nyekundu, inang'aa, nikajisifu.
Tukaipeleka kwa Msengi muuza asali,
kwenye mizani yake yenye madoa ya nta.
Mia mbili na themanini, kirungu kimoja.
Kalunde akakipima mkononi, akakirudisha:
"Hiki kikishuka, kitashuka na meno yangu."
Siku hizi kinaponda vitunguu saumu jikoni kwetu.
Mke wangu anasema ndiyo kazi yangu bora.

Basi msonobari, ubao wa kreti iliyoshuka na treni.
Sikuupenda. Laini, una mafundo, hauna kiburi.
Nikangoja umeme urudi usiku,
nikakereza, nikapiga msasa, nikapuliza,
unga wa mbao ukanijaa kope.
Kimoja mia na hamsini na mbili.
Cha pili mia na arobaini na nane.

Nikawaita Kulwa na Doto,
maana hata waliolala tumbo moja
hawatoki na mzigo sawa.
Kulwa nilimkwangua kidogo shingoni.
Lakini Doto, mti ukishatoka umetoka;
nani humrudishia mbao kilichoondoka?
Nilikaa naye gizani umeme ulipokatika tena.
Alfajiri nikamtoboa kitakoni
nikamjaza nta, tone, tone,
hadi mshale wa Msengi uliposimama
pale pale uliposimama kwa nduguye.

Ukumbi wa reli boriti zake ziko chini,
wakahamia nje, kwenye mchanga nyuma ya madarasa.
Nilikwenda kuangalia kazi yangu tu.
Mara ya kwanza vikaanguka.
Ya pili vikaanguka.
Ya tatu Kulwa akampiga begani, puu,
na mwalimu akageukia ukuta.

Wanasema mkono mtupu haulambwi.
Yake ilikuwa mitupu yote miwili, imefunguka,
mgongo ameupinda, mguu umepita sikio,
hatazami juu,
na mbao zangu ziko juu,
zinapinduka polepole kwenye mwanga wa saa kumi,
kreti, treni, fundo, nta,
na huko hakuna mizani,
na mimi, mtu wa vinu na michi,
nimeshika pumzi kama ninayeibeba hewa.

Doto alidakwa.
Kulwa aliteleza vidoleni, akabingirika
hadi kwenye kandambili zangu.
Nikamwokota, nikampangusa mchanga kwa shati.
Hakuwa na ufa.
"Rudia," nikamwambia Kalunde,
kana kwamba nilikuwa najua.